Kununua helmeti ya mbio za magari: lebo kwanza, kichwa pili, rangi mwisho

Geuza helmeti juu chini, vuta bitana pembeni na utafute stika iliyogandishwa ndani ya ganda. Mkaguzi wa mashindano ataanza hapohapo. Helmeti isiyo na lebo inayokubaliwa na kanuni za mbio zako haitapita, hata ikiwa ndiyo ghali kuliko zote uwanjani. Kwa hiyo fungua kitabu cha kanuni za mashindano kabla ya kufungua ukurasa wa duka, na uandike ni viwango gani vinakubaliwa na vinakubaliwa hadi mwaka gani.

Kosa linalorudiwa sana ni kudhani helmeti nzuri ya pikipiki itatosha ndani ya gari. Mwendesha pikipiki akianguka hutengana na chombo, akagonga lami na kuteleza. Dereva wa gari la mashindano amefungwa mikanda, haendi popote. Gari linapobiringika, kichwa chake kinaweza kugonga nondo ileile ya rolikeji (kizimba cha nondo kinachomlinda dereva gari likipinduka) mara mbili au tatu, sehemu ileile ya helmeti, na petroli iko karibu. Ndiyo maana taasisi ya Snell, inayopima usalama wa helmeti na iliyoanzishwa mwaka 1957 baada ya dereva William "Pete" Snell kufariki katika ajali ya mbio mwaka uliotangulia, hutofautisha herufi za lebo zake. M ni ya pikipiki. SA ni ya magari, na ndani yake kuna jaribio la kugongwa mara kwa mara kwenye umbo la nondo ya rolikeji pamoja na jaribio la moto. K ni ya karti, vile vigari vidogo vya wazi vya mbio: majaribio ya mgongano yanafanana na ya SA, lakini bitana yake haijathibitishwa dhidi ya moto. Kwa mfano, Arai SK-6 ni helmeti ya karti na Arai GP-7 ni ya magari. Kwa mbali mnunuzi asiyesoma lebo anaweza kuzichanganya, na akishaketi ndani ya gari lenye tangi la mafuta, kosa hilo ni kubwa.

Namba inayofuata herufi ni mwaka wa toleo la kiwango, si mwaka helmeti ilipotengenezwa. Snell hutoa toleo jipya la SA kila baada ya miaka 5: SA2010, SA2015, SA2020, SA2025. Tarehe ya kutengenezwa huandikwa mahali pengine ndani ya helmeti, nayo itafute. Helmeti ya toleo la zamani inayouzwa kwa punguzo kubwa inaweza kuwa imara kabisa, ila ikabaki na misimu miwili tu kabla kanuni hazijaikataa. Gawa bei kwa idadi ya misimu iliyobaki, ndipo utaona kama punguzo lenyewe ni la kweli.

Upande wa FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kuna ngazi mbili zinazomhusu mnunuzi. Ya kwanza ni 8859, yenye matoleo ya 2015 na 2024. Helmeti nyingi hubeba lebo hii pamoja na SA, na hizo ndizo tunazompendekezea dereva wa mbio za rally, wa mbio za mzunguko na wa mbio za kupanda mlima. Ya pili ni 8860, ambayo toleo lake la 2018 lilianza kutumika Formula 1 msimu wa 2019. Hapa majaribio ni makali kweli: helmeti hugongeshwa kwa kasi ya mita 9.5 kwa sekunde na mshtuko unaofika kichwani hautakiwi kuzidi G 275 (G 1 ni sawa na nguvu ya kawaida ya uvutano wa dunia). Kipande cha chuma cha gramu 225 hurushwa kwenye paji la helmeti kwa kilomita 250 kwa saa. Uzito wa kilo 10 huangushwa juu yake kutoka mita 5.1. Sababu ya kulikazania paji namna hiyo inafahamika: mwaka 2009, katika mchujo wa Formula 1 huko Hungaria, springi iliyochomoka kwenye gari la Rubens Barrichello ilimpiga dereva mwenzake Felipe Massa juu kidogo ya jicho la kushoto, mahali ganda linapokutana na kioo. Kwanza kiliongezwa kipande cha Zylon (nyuzi imara sana za viwandani) juu ya kioo, baadaye ulinzi huo ukaingizwa katika ganda lenyewe na ukingo wa juu wa tundu la macho ukashushwa milimita 10.

Je, unahitaji 8860? Kanuni zako zikiidai, mjadala umekwisha. Zisipoidai, pesa ya ziada ielekeze kwanza kwenye kiti kinachokutosha, mikanda mipya na kifaa cha kushikilia shingo. Helmeti ya 8859 inayokukaa sawasawa ni bora kuliko ya 8860 inayopwaya.

Na kupwaya ndiko tatizo kuu. Madereva wengi wapya huvaa saizi moja zaidi ya inayowafaa, kwa kuwa dukani helmeti sahihi huonekana kama inabana kupita kiasi. Zungusha futi ya fundi cherehani kichwani, kama sentimita 2.5 juu ya nyusi, ipite juu ya masikio na kwenye sehemu ya kisogo iliyotokeza zaidi. Pima mara tatu, chukua kipimo kikubwa. Kwa watengenezaji wengi sentimita 57 hadi 58 ni M na 59 hadi 60 ni L, lakini jedwali la mtengenezaji husika ndilo la kufuata.

Kipimo cha mzunguko hakisemi lolote kuhusu umbo. Watu wawili wenye sentimita 58 wanaweza kuwa mmoja ana kichwa cha mviringo na mwingine kirefu kutoka paji hadi kisogo. Mwenye kichwa kirefu akivaa helmeti ya mviringo, atabanwa kwenye paji na kubaki na nafasi pembeni juu ya masikio. Mwenye kichwa cha mviringo akivaa helmeti ndefu, atabanwa pembeni juu ya masikio huku mbele na nyuma kukiwa kumelegea. Dalili hizi zikitokea, usibadili saizi. Badili modeli au kampuni. Hii ndiyo sababu hatupendi kuambiwa kuwa kampuni fulani ni bora kuliko zote: Bell, Stilo, Arai, Schuberth na Sparco zote hutengeneza helmeti zenye lebo halali, na inayoshinda ni ile iliyoumbwa karibu na kichwa chako.

Ijaribu ukiwa umevaa balaklava yako ya mbio (kofia ya kitambaa inayofunika kichwa na uso), kwa sababu kitambaa kile hula nafasi. Shika mikanda ya kidevu kwa mikono miwili, ipanue, ingiza kichwa. Ikiingia kwa urahisi kama kofia ya kawaida, ni kubwa. Mashavu yanapaswa kusukumwa mbele kiasi kwamba ukitafuna unauma nyama ya ndani kidogo. Funga mkanda kupitia pete zake mbili na ukaze hadi kidole kimoja tu kipite. Sasa mtu mwingine aishike sehemu ya kidevu na kuizungusha kulia na kushoto. Ngozi ya uso inatakiwa kusogea pamoja na helmeti. Ikiwa helmeti inazunguka na ngozi inabaki, irudishe rafuni. Kisha aishike ukingo wa nyuma na kuivuta kuelekea mbele, kama anayetaka kuivua kwa kupitia usoni. Ikitoka au ikifunika macho, hiyo itakuacha siku ya ajali.

Baki nayo kichwani nusu saa bila kuivua. Mgandamizo uliosambaa ni kawaida na sponji za mashavu zitalainika baada ya saa chache za matumizi. Maumivu ya nukta moja, hasa katikati ya paji, hayalainiki. Yanatokana na povu gumu lililo chini ya bitana, ambalo halipaswi kamwe kuchongwa, kukatwa wala kubonyezwa kwa kijiko ili lipishe. Povu hilo ndilo linalookoa ubongo: husagika na kula nguvu ya mgongano, na likishasagika halirudi. Sponji za mashavu ni jambo tofauti. Nyingi hubadilishwa, zipo nene na nyembamba, na duka makini litakubadilishia bila kukuuzia helmeti nyingine. Anayevaa miwani aipitishe mikono ya miwani huku helmeti ikiwa kichwani tayari. Ikigoma hapo, itagoma pia mstari wa kuanzia mbio.

Kuhusu ganda: faibaglasi, mchanganyiko wa nyuzi, au kaboni. Vikiwa na lebo moja, vyote hupita jaribio lilelile, kwa hiyo kaboni hainunuliwi kwa sababu ya usalama zaidi bali kwa uzito. Katika kona ya G 3, helmeti ya kilo 1.5 huivuta shingo kwa nguvu ya kilo 4.5. Anayeendesha gari la magurudumu wazi kwa saa nzima atauhisi kila gramu uliopunguzwa. Anayefanya mbio za dakika mbili kupanda mlima hatauhisi.

Tundu la macho nalo lina maana. Tundu jembamba hufaa magari ya wazi, ambako kokoto na upepo huja moja kwa moja. Ndani ya gari lililofunikwa, tundu pana humsaidia dereva kuona vioo vya pembeni bila kugeuza shingo iliyofungwa. Helmeti ya uso wazi bado ipo kwenye mbio za rally, na manavigeta (wanaokaa kando ya dereva na kumsomea njia) wengi huipenda kwa kuwa wanasoma noti za njia wakiwa wameinamisha kichwa. Ni halali pale kanuni zinaporuhusu, lakini uso na taya hubaki bila kinga, na anayekaa karibu na nondo ya mlango alifikirie hilo kwa uzito.

Kwa mbio za rally, ulizia mawasiliano kabla ya rangi. Plagi na umeme wa mfumo wa mawasiliano wa Stilo na wa kampuni ya Peltor havilingani bila adapta, kwa hiyo dereva na navigeta wakinunua kila mmoja kivyake, hugundua siku ya majaribio kwamba hawasikilizani. Helmeti iliyotoka kiwandani na maikrofoni na spika zake ni salama kuliko ile unayoifungia mwenyewe, maana fundi wa mtaani akichimba povu ili spika ikae, amekula kinga uliyoilipia.

Kifaa cha kushikilia kichwa na shingo, kinachojulikana zaidi kwa jina la HANS, hakitenganishwi na helmeti. Kilibuniwa na Robert Hubbard na Jim Downing miaka ya 1980, na kikawa lazima katika Formula 1 mwaka 2003. Gari linaposimama ghafla mikanda huzuia kifua, kichwa kinaendelea mbele, na uzito wa helmeti yenyewe huongeza mvuto unaoweza kuvunja sakafu ya fuvu. Helmeti za SA2015 na za baadaye huja na matundu ya skrubu ya M6 tayari pande zote mbili. Nunua vishikizo vyenye lebo ya FIA 8858, vikaze kwa kipimo cha mtengenezaji, na vikague kila kabla ya mbio kwa sababu mtetemo huvilegeza. Helmeti isiyo na matundu hayo usiitoboe.

Kioo kinunuliwe viwili: cheupe kwa usiku, mvua na vumbi zito, cheusi kwa jua. Kisafishwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini tu. Petroli, tina ya rangi na dawa za kusafishia vioo vya nyumbani huacha nyufa ndogondogo kwenye polikaboneti, plastiki ya kioo hicho, na ndani ya wiki chache taa za mbele yako zitakuwa na ukungu usiofutika. Kemikali hizohizo hudhuru ganda. Kwa hiyo anayetaka helmeti yake ichorwe ampe mchoraji maelekezo ya mtengenezaji kuhusu rangi, gundi na joto la kukaushia. Kuikwangua hadi nyuzi zionekane ni kuiharibu.

Helmeti iliyotumika usinunue. Ufa wa ganda unaweza kuonekana, lakini povu lililosagika hujificha chini ya bitana. Yako mwenyewe ikipata mgongano wa kweli kichwa kikiwa ndani, imemaliza kazi yake. Hata bila ajali, Snell inashauri kuibadilisha baada ya miaka 5, kwani jasho, mafuta ya nywele na joto hulegeza gundi na bitana. Isikae kwenye buti la gari pamoja na dumu la mafuta.

Mtoto wa karti ana viwango vyake, CMR na CMS, vilivyowekewa kikomo cha uzito kwa ajili ya shingo changa. Kumnunulia kubwa ili akue nayo ni kumpa helmeti inayopwaya wakati anapoihitaji.

Kabla ya kulipa, omba ruhusa ya kuijaribu ndani ya gari. Keti, kaza mikanda yote, vaa HANS na uifunge kwenye helmeti. Geuza kichwa hadi uone vioo vyote viwili. Angalia kama ukingo wa nyuma wa helmeti unagonga kola ya HANS au mbawa za kiti na kukusukuma kidevu kifuani. Mwenzako apime nafasi kati ya utosi wa helmeti na nondo ya rolikeji. Ikiwa chini ya sentimita 5, shusha kiti, na nondo iliyo karibu ivalishwe sponji ngumu ya rolikeji yenye lebo, si ile laini ya mabomba. Mwisho, kama helmeti ina vitambaa vya kuchomolea sponji za mashavu, mwache avivute ukiwa umefungwa hivyohivyo. Visipochomoka kwa urahisi, wauguzi wa uwanjani watalazimika kuivuta helmeti yote kupitia shingo yako.