TAHADHARI: Muuzaji wa "vifaa vya mzungu anayehama" anayezunguka Arusha na Moshi

Kwa wapenzi wote wa muziki mlioko Arusha, Moshi na miji ya jirani: kuna muuzaji wa vifaa vya kusikilizia muziki, vya nyumbani na vya mkononi, ambaye amekuwa akizunguka kati ya miji hii miwili na kuwauzia watu mali isiyolingana na ile anayoitangaza. Sitamtaja kwa jina wala kuweka namba yake ya simu, kwa kuwa majina anayojitambulisha nayo hubadilika kutoka mteja mmoja hadi mwingine, na laini iliyotelekezwa na tapeli inaweza kuuzwa kesho kwa mtu asiye na hatia yoyote. Kisichobadilika ni namna anavyofanya kazi, na hiyo ndiyo ninayoieleza hapa.

Hadithi yake huwa ni moja. Kuna mzungu, mfanyakazi wa mradi au shirika fulani, ambaye mkataba wake umekwisha. Anaishi Njiro au Uzunguni (biashara ikihamia Moshi, mzungu naye huhamia Shanty Town), na anauza vifaa vyake kwa bei ya kutupa kwa sababu hawezi kupanda navyo ndege. Kwa Arusha maelezo hayo huingia akilini haraka, kwani tangu enzi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, hadi leo hii ambapo Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake makuu hapa, mji umezoea wageni wanaokuja na kuondoka, na ni kweli kwamba baadhi yao huuza vitu vizuri kabla ya safari. Tofauti ni kwamba kwa muuzaji huyu mzungu haonekani kamwe, nyumba yake haifikiki, na mali hukaguliwa kwenye chumba cha kukodi, kwenye maegesho ya hoteli au ndani ya gari.

Jambo linalowaponza wengi ni kwamba vifaa vyake vinalia. Watu wamezoea kumtambua tapeli kwa kuuziwa sabuni ndani ya boksi la simu, hivyo wakisikia muziki unatoka, tena kwa besi nzito, huona wamekwishahakikisha. Lakini muziki huo unatoka kwenye simu yake, kwa wimbo aliouchagua yeye, kwa umeme alioupanga yeye, na kwa muda anaoutaka yeye.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwalimu mmoja mstaafu wa Moshi, mwenye santuri nyingi za muziki wa dansi alizozitunza tangu ujana wake, ambaye aliuziwa kwa pamoja amplifaya na mashine ya kupigia santuri. Alipokwenda kuvikagua, alivikuta vimekwishapangwa juu ya meza iliyofunikwa kitambaa kirefu hadi chini, na vikalia vizuri. Siku aliyoviunganisha nyumbani, amplifaya ilitoa mvumo mzito, ikafuata harufu ya vanishi inayoungua, kisha ikazima. Alipompigia muuzaji simu, alijibiwa, "Shikamoo Mwalimu, pole sana, umeme wa huko kwenu ndio mbovu," na tangu hapo namba ile haikupatikana tena.

Mimi huwasaidia marafiki kupanga vifaa vyao, kwa hiyo amplifaya hiyo ililetwa kwangu. Nyuma yake palikuwa na kibandiko cheupe kilichochapwa 220–240V, kimebandikwa upande kidogo. Kilipobanduliwa kwa ukucha, chini yake yalitokea maandishi ya kiwandani: AC 100V, 50/60Hz. Waya wake ulikuwa wa zamani, umekakamaa na kupauka, lakini plagi ya pini tatu iliyofungwa mwishoni ilikuwa mpya kabisa, kwani ile ya pini mbili bapa iliyotoka nayo Japani ilikuwa imekatwa. Waya mzee wenye plagi mpya peke yake si ushahidi wa wizi, lakini ni sababu tosha ya kukitazama upya kila kibandiko kilicho jirani nayo.

Japani hutumia umeme wa volti 100 na Marekani volti 120, wakati sisi tunatumia volti 230. Amplifaya ya volti 100 ikichomekwa kwenye soketi zetu hupokea zaidi ya mara mbili ya kiwango ilichotengenezewa. Transfoma yake huzidiwa na kupata joto kali, kapasita zake hupewa volti ambazo haziwezi kuzihimili na huweza kuvimba au kupasuka, na kama fyuzi haikuwahi kukatika, hasara huenea hadi kwenye transista na hata kwenye spika zilizounganishwa. Mteja mwingine wa muuzaji huyohuyo, ambaye alikuwa na ujasiri wa kuinua kitambaa cha mezani, alikuta chini yake transfoma ya kushushia umeme, ile ya boksi la chuma, ambayo haikutajwa hata mara moja katika mazungumzo ya bei. Naomba nieleweke vizuri hapa, kwa sababu wapo wafanyabiashara waaminifu wanaoleta amplifaya za mtumba kutoka Japani, na nyingi ni vyombo vizuri kuliko vipya vingi vya bei hiyohiyo. Wao hukwambia tangu mwanzo kwamba unahitaji transfoma, tena yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye bamba la kifaa.

Mashine ya santuri ilikuwa na kasoro ya aina nyingine, ambayo hata mafundi redio wengine hawaifikirii upesi. Ilitoka Marekani, ikiwa ya volti 120 na hezi 60 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde). Mwalimu aliazimwa transfoma, akaichomeka, na haikuungua. Ila waimbaji wake wote walikuwa na sauti nzito wasiyokuwa nayo, na bendi nzima ilipiga kana kwamba imeamshwa usingizini. Sababu ni kwamba mashine nyingi za zamani zina mota ambayo mwendo wake hufuata hezi za umeme, na transfoma hushusha volti bila kugusa hezi. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo sahani inayotakiwa kuzunguka mara 45 kwa dakika huzunguka mara 37 na nusu tu, wimbo wa dakika 3 huchukua dakika 3 na sekunde 36, na sauti hushuka kwa takribani nusu-toni tatu. Muuzaji alikwepa kugundulika kwa kupiga santuri ya muziki wa ala ambayo hakuna mtu mle chumbani aliyewahi kuisikia. Ukienda kununua mashine ya namna hii, nenda na santuri yako unayoijua, bandika kipande kidogo cha karatasi pembeni ya lebo, kisha hesabu mizunguko huku ukitazama saa ya simu kwa dakika nzima. Zipo mashine ambazo mwendo wake husimamiwa na saketi ya kwatzi na hazijali hezi, na zipo zenye sehemu ya kuchagua 50 au 60. Muuzaji mkweli atakuonyesha ni ipi aliyo nayo.

Upande wa vifaa vya mkononi, anachouza zaidi ni hedifoni na eafoni zisizo na waya zenye majina makubwa, kama Sony, JBL na Apple, ambazo kampuni hizo hazikuzitengeneza. Maboksi yamechapwa vizuri, na uzito wake mkononi unaridhisha. Hedifoni moja tuliyoifungua pamoja na fundi ilikuwa na kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi ndani ya kila kikombe, kisicho na waya wala kazi nyingine zaidi ya kuongeza uzito. Kitufe cha kuzima kelele kiliwasha taa ya kijani na kutoa mlio mzuri, lakini mle ndani hapakuwa na maikrofoni za kusikiliza kelele za nje. Kipimo chake hakihitaji fundi. Vaa hedifoni bila kupiga muziki wowote, simama karibu na gari linalounguruma, kisha washa na kuzima kitufe hicho. Kwenye hedifoni halisi mngurumo wa chini hupungua waziwazi, na kwenye feki hubaki palepale.

Msitegemee namba ya utambulisho iliyo kwenye boksi pekee, kwa kuwa wanaoghushi hunakili namba moja halisi na kuichapa kwenye maelfu ya maboksi, na ukiitafuta kwenye tovuti ya kampuni inakubalika bila tatizo. Kinachosaidia zaidi ni kuunganisha kifaa na programu ya kampuni yenyewe mbele ya muuzaji, na kuona kama programu inakitambua. Kwa upande wa AirPods, simu za iPhone zenye iOS 16 na kuendelea huonyesha onyo pale zinaposhindwa kuthibitisha kwamba kifaa ni halisi. Muuzaji huyu hutoa visingizio vingi ukifika hatua hiyo: bando limekwisha, mtandao hapa unasumbua, kuna mteja mwingine ananisubiri Kijenge. Ukisikia hivyo, mruhusu aende.

Huuza pia memori kadi "za TB 1 zilizojaa nyimbo za ubora wa studio". Kadi hizo zimechezewa ili simu na kompyuta zisome ukubwa ambao haupo. Moja niliyoipima ilikuwa na GB 32 halisi, na kila kilichozidi hapo kilifuta kilichotangulia au kupotea kabisa, ingawa majina ya mafaili yaliendelea kuonekana kwenye orodha. Programu za bure za H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux huijaza kadi yote na kuisoma upya, hivyo hutoa jibu lisilo na ubishi, ijapokuwa kwa kadi kubwa kazi hiyo huchukua saa nyingi. Nyimbo zenyewe ziliandikwa FLAC, yaani faili zisizopunguza ubora wa sauti, lakini nyingi zilikuwa MP3 zilizogeuzwa jina na umbo. Zikifunguliwa kwenye programu ya Spek, picha ya sauti inakatika ghafla kwenye hezi 16,000, kama ilivyo kawaida kwa MP3 za kilobiti 128, na kilichokwishatupwa hakirudi kwa kubadilisha aina ya faili.

Kuhusu spika na sabufa zenye wati 8,000, sina maneno mengi. Plagi yetu ya kawaida ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampia 13, ambazo kwa volti 230 ni kama wati 2,990, na kifaa hakiwezi kuendelea kutoa nguvu kubwa kuliko ile kinayokula. Tazama bamba la nyuma. Sabufa niliyoonyeshwa iliandikwa 8,000 mbele na 60W nyuma.

Hivi karibuni ameongeza utaratibu wa kudai malipo ya awali kutoka kwa watu wa mbali, hasa Babati, Karatu na Same. Hutuma picha nzuri, hukubali kupunguza bei, kisha hudai nusu ya fedha na nauli ya mzigo, na kutuma picha ya risiti ya basi ambayo namba yake imefunikwa kwa kidole. Mzigo haufiki. Kabla ya kutuma chochote, mwombe video ya kifaa kikiwa kinafanya kazi, pembeni kukiwa na karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo. Picha za kuchukua mtandaoni hazina uwezo huo. Aidha, unapotuma fedha kwa simu, jina la aliyesajili laini huonekana kabla hujaweka namba ya siri. Katika malalamiko yote yaliyonifikia, jina hilo halikufanana na lile alilojitambulisha nalo, naye alieleza kwamba ni laini ya shemeji. Ukiona hivyo, sitisha muamala hapohapo.

Kwa waliokwishanunua, msifute mazungumzo wala ujumbe wa malipo, hata kama mna hasira. Nendeni kituo cha polisi mkafungue jalada na kupewa namba ya RB, kwa sababu kuna watu kadhaa wenye malalamiko yanayofanana na polisi huweza kuyaunganisha pale tu yanapokuwa yameandikishwa. Namba ya simu iliyotumika kutapeli itumeni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, kupitia 15040. Bidhaa zenye nembo za kughushi ni jambo la Tume ya Ushindani, FCC, na boksi pamoja na risiti, kama ipo, vinahitajika. Muuzaji huyu hatoi risiti ya EFD. Huandika kwenye kikaratasi cha daftari bila anwani.

Na kama mlinunua amplifaya kutoka kwake na bado haijaungua, msiichomeke tena hadi mtakapobandua vibandiko vyote vya nyuma na kusoma kilichoandikwa na kiwanda. Iliyokwisha kuzima nayo isiuzwe skrepa kwa hasira: mpelekeeni fundi aanze na fyuzi, kisha transfoma. Ya Mwalimu ilikata fyuzi na kuharibu kapasita mbili tu, na sasa inafanya kazi kupitia transfoma ya volti 100.