TAHADHARI: Tiketi za bei chee za "kutalii Antaktika kwa ndege" kutoka Australia

Ndugu mlioko Perth, Melbourne na Brisbane, nanyi mlioko nyumbani mnaopanga kwenda kuwatembelea: kuna tangazo linasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, linauza safari ya ndege ya siku moja kwenda kuona barafu ya Antaktika kwa chini ya nusu ya bei halali. Linaahidi kiti cha dirishani mwanzo hadi mwisho, kutua kwenye barafu, picha na pengwini, na "viza ya Antaktika" juu yake. Msitume hata senti.

Safari ya aina hii ipo kweli, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Tangu mwaka 1994 kampuni ya Antarctica Flights imekuwa ikikodi ndege nzima ya Qantas, shirika la ndege la Australia, siku hizi Boeing 787, na kuuza viti yenyewe. Ndege hupaa majira ya joto ya huko, takriban Novemba hadi Februari, na kurudi Australia baada ya saa 12 hadi 14 bila kutua popote. Juu ya barafu hushuka hadi futi 10,000 hivi, yaani kama kilomita tatu. Kwa umbali huo utaona milima, mito ya barafu na siwa barafu zinazoelea baharini, lakini pengwini humwoni. Anayekuuzia pengwini katika safari hii anakuuzia kitu ambacho hakimo.

Kuhusu dirisha, fahamu hivi: katika madaraja mengi abiria hubadilishana viti katikati ya safari ili kila mmoja apate zamu yake ya kukaa dirishani au karibu nalo. Viti vya bei ya chini kabisa viko safu ya kati na havina zamu hiyo; wa huko husimama na kuchungulia kwa wenzao. "Bei ya chini, dirishani muda wote" ni uongo mtupu.

Njia nayo haiahidiwi. Rubani huchagua kati ya njia kadhaa kulingana na mawingu ya siku hiyo. Uangalifu huu una sababu nzito: tarehe 28 Novemba 1979 ndege ya Air New Zealand iliyokuwa katika utalii kama huu iligonga mlima Erebus huko Antaktika, wakafa watu wote 257. Viwianishi vya njia, yaani namba za ramani zinazoiongoza ndege, vilikuwa vimebadilishwa bila marubani kuambiwa, na weupe wa theluji na mawingu ukauficha mlima uliokuwa mbele yao. Muuzaji anayeapa kwamba mtapita chinichini karibu na mlima fulani hajui anachouza, au anajua na hajali.

Sasa hiyo viza. Antaktika haina serikali. Inasimamiwa kwa Mkataba wa Antaktika, makubaliano ya mataifa yaliyosainiwa mwaka 1959. Hakuna ofisi inayotoa viza yake. Vibali huombwa na mwendesha safari, si abiria. Tena kwa kuwa ndege inaondoka Australia na kurudi Australia, huhesabiwa kama safari ya ndani: kitambulisho chenye picha kinatosha. Ukitakiwa kutuma nakala ya pasipoti pamoja na selfi ukiwa umeishika, hapo wanachotafuta ni utambulisho wako, na unaweza kutumika kufungulia akaunti au kukopea kwa jina lako.

Utapeli wenyewe huenda hatua kwa hatua. Kwanza advansi ndogo. Kisha skrinishoti ya buking yenye jina lako, ambayo yeyote mwenye simu anaweza kuitengeneza. Halafu "ada ya kibali", "bima ya lazima", "nyongeza ya mafuta", kila moja ndogo kiasi kwamba unaona bora umalizie kuliko kupoteza ulichokwisha kutoa.

Kwa walioko Afrika Mashariki kuna hatari kubwa kuliko pesa. Ukiambatisha tiketi hiyo bandia kwenye maombi ya viza ya Australia, unaweza kukataliwa kwa kuwasilisha hati ya uongo na kufungiwa viza nyingi za huko kwa miaka mitatu, hata kama hati ulipewa na mtu mwingine.

Kabla ya kulipa, andika mwenyewe anwani ya tovuti ya kampuni badala ya kubofya linki ya kwenye grupu, uwapigie kuuliza kama tarehe uliyotajiwa ipo. Lipa kwa kadi, maana benki inaweza kudai pesa irudi huduma isipotolewa. Pesa ya simu kwenda kwa jina la mtu binafsi ni vigumu kuipata tena.

Kama umeshatuma, usingoje kesho. Kwa M-Pesa ya Kenya, peleka ujumbe wa muamala kwenye 456 kabla mpokeaji hajaitoa. Tanzania, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako papo hapo na uripoti namba hiyo TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, kupitia 15040. Australia, ipigie benki yako kwanza, kisha ripoti Scamwatch, huduma ya serikali ya huko ya kupokea taarifa za utapeli. Usifute mazungumzo wala kumtukana tapeli. Akishakublock, ujumbe uliobaki kwenye simu yako ndio ushahidi wako.