Profaili mbili, SMS zilezile: simu hii imenigombanisha na wakwe

Yule muuzaji wa Kariakoo aliniuzia simu hii kwa maneno matamu: "Dada, hii ni simu mbili ndani ya moja. Mwenzio ana yake, wewe una yako, hamuonani." Sasa nina swali moja tu kwake na kwa walioitengeneza. Kama hatuonani, shemeji yangu kalijuaje salio langu la M-Pesa?

Ngoja nieleze taratibu, maana nikikumbuka tu napandwa na hasira. Nyumbani kwetu simu ni ya kila mtu. Ukiiweka mezani, mmoja anataka gemu, mwingine "naomba nimpigie mtu mara moja". Na mimi ni mweka hazina wa kikoba. Humo ndani kuna picha za vitambulisho vya watu, nani kakopa, nani anakwepa marejesho. Si vitu vya kila jicho. Kwa hiyo niliposikia kuna simu unaingia Mipangilio, unafungua Watumiaji, unamtengenezea kila mtu profaili yake na namba yake ya siri, nilifurahi kwelikweli. (Kwa watakaouliza: Android inacho kitu hiki kwenye simu tangu toleo la 5, mwaka 2014, ila si kila kampuni inakiacha. Samsung wanakiweka kwenye tableti. Kwenye simu zao utakuta Secure Folder, yaani folda ya siri ya kufungia vitu vyako, ambayo ni habari nyingine.)

Na nisiwe mchoyo wa sifa, mwanzoni nilikuwa naisifia kila kona. Mdogo wake mume wangu simu yake ilipasuka kioo, tukamhurumia. Nikamfungulia profaili, laini yake nikaichomeka nafasi ya pili. Upande wake ilikuwa simu mpya kabisa: hakuna picha yangu hata moja, hakuna WhatsApp yangu, hakuna namba za watu wangu. Akaweka WhatsApp yake na mambo yake ya mpira. Nikirudi kwangu nakuta kila kitu kama nilivyokiacha. Bando ndilo tulikuwa tunalila wote, na shemeji akishaanza video za magoli, asubuhi unaamka huna kitu. Hilo nililimeza.

Balaa lilianza alipotaka kupiga simu ya kawaida. Profaili ya pili haipigi simu wala haitumi SMS mpaka mwenye simu aruhusu. Nikaingia kwenye jina lake, nikagusa kitufe cha kuwasha simu na SMS. Hapo kinatokea kidirisha, mstari mmoja tu, kinasema kumbukumbu za simu na SMS zitashirikiwa na mtumiaji huyu. Nilikisoma, tena kwa makini. Wewe ungeelewaje? Mimi nilielewa kwamba akipiga yeye, nami nitaona kapiga. Kumbe maana yake SMS zote zilizomo kwenye simu, hata za kabla hajaikanyaga, zinamfungukia. Zote! Za benki, za wanakikoba, za M-Pesa, ambazo kila moja mwishoni inakutajia salio lako jipya. Namba yangu ya siri hana, programu ya benki haioni, lakini aitakie nini? Anasoma tu kama gazeti la asubuhi.

Haukupita muda mama mkwe kanipigia, na ule upole wa wakwe mnaujua: "Mwanangu, nasikia una milioni na ushee kwenye simu, nasi huku paa linavuja." Mama yangu, ile milioni ni ya akina mama wa kikoba! Nimemweleza nikachoka, hadi leo najua hajaamini. Mume wangu naye kanuna, wala si kwa sababu ya hela, bali kwa sababu kazisikia kwa mdogo wake.

Na shemeji naye asidhani kapona. Laini yake imo kwenye simu yangu, kwa hiyo SMS zake zinaingia na upande wangu. Kumbe kijana ana mikopo ya mtandaoni, anadaiwa hadi usiku wa manane, tena kwa vitisho. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zinazokopesha bila leseni, sijui kama hii yake imo. Sijamwambia mtu. Bado.

Nikarudi dukani. Nikamwambia, "Kaka, si uliniambia hatuonani?" Hakuinua hata macho, anabandika protekta kwenye simu ya mteja mwingine, anasukuma mapovu kwa kidole gumba. "Dada, mke anayejiamini anaficha SMS za nini? Wanaoulizia hizo profaili wengi ni watu wa michepuko." Watu dukani wakacheka. Mimi mtu mzima na heshima zangu! Sikumtukana. Nilimwambia tu atoe simu yake, aifungue loki, aiweke hapo kwenye kioo tuzisome SMS zake wote. Akaisukumiza mfukoni, akaniuliza kama kuna kingine nahitaji.

Kwa hiyo nyota moja. Na hiyo moja ni ya kamera.

Ingawa, ngoja. Kile kitufe nimekizima, shemeji sasa anapiga kwa WhatsApp, na picha zangu kwa kweli hajawahi kuziona. Watoto nao nimewafungulia profaili yao ya gemu, haina simu wala SMS, hawanifutii kitu tena, na siku nikichoka nayo naifuta na kila kilichomo. Kwa watoto naipa tano, sibishani. Lakini kwa mtu mzima anayehitaji kupiga simu ya kawaida, katika nchi ambayo hela zetu zote zinasomeka kwenye SMS, naipa sifuri. Basi tuseme tatu. Hapana, nikimkumbuka yule kijana wa protekta, ni mbili, na ashukuru.

Kama kuna anayejua simu ambayo SMS za mwenye simu zinabaki upande wake hata ukimruhusu mwingine kupiga, aitaje hapa chini. Isizidi laki nne, na duka lisiwe lile.