Ofisi ya faili za mirathi, Mji Mkongwe: inamfaa mjane wa Kihindu, ila achunge fomu ya mgao

Kazi yao ni kuandaa faili la mirathi kabla halijafika mahakamani. Wahindu wa Unguja ni wachache na mirathi yao haiendi kwa kadhi, huenda mahakama za kawaida, kwa hiyo ofisi inayowajulia haja zao si rahisi kuipata.

Wanasifika kwa kulinganisha majina. Faili nyingi hukwama hapo: cheti cha kifo kinasema Jayaben, cha ndoa Jaya, na hati ya nyumba ina herufi nyengine kabisa. Karani hulinganisha herufi kwa herufi siku ya kwanza, na panapopishana huandaa hati ya kiapo mapema. Huuliza pia uraia. Haki ya matumizi ya ardhi, kwa sheria Namba 12 ya 1992, ni ya Mzanzibari; mwenye pasipoti ya India na alijue hilo kabla hajalipa chochote.

Kasoro ni fomu ya mgao. Imechapwa kwa mirathi ya Kiislamu: mke thumuni, binti nusu ya mwana wa kiume. Mjane wa Kihindu akitia saini bila ya kuuliza, amekubali fungu lisilomhusu. Aombe karatasi tupu. Orodha ya mali nayo isomwe vizuri, maana dhahabu ya harusi huchanganywa humo na vitu vya marehemu, na ile ni stridhan, mali ya mke mwenyewe.

Nyumba iliyoko Gujarat, India, inataka faili jengine huko huko, kwani ardhi hufuata sheria ya ilipo. Kwa sheria ya India ya 1956, mume akifa bila ya wosia, mali yake binafsi hugawiwa sawa baina ya mjane, watoto wa kike na wa kiume, na mama wa marehemu: mjane, watoto watatu na mama mkwe, kila mmoja moja ya tano. Hili wanalieleza barabara. Wanachokisahau ni kifungu cha 15 cha sheria hiyo hiyo. Mjane asiye na mtoto akifa bila ya wosia, alichokichuma mwenyewe huenda kwa warithi wa mume kabla ya wazazi wake. Kilichotoka kwa wazazi ndicho kinachorudi kwa warithi wa baba. Wosia auombe mwenyewe, hawamkumbushi.

Kigujarati hawasomi. Hati za huko ziletwe zimeshafasiriwa.