Filamu Nazipima kwa Misiba Yake

Nakodisha maturubai, viti na masufuria makubwa, Temeke. Harusi zinalipa vizuri, lakini zinazoniweka mjini ni shughuli za misiba, kwa sababu harusi inaweza kuahirishwa. Nimeshinda kwenye nyua za wafiwa mpaka sasa nikiingia tu, kabla sijaambiwa kitu, najua nani anatoa hela ya chakula, nani hasemeshani na nani, na mjane atakalishwa upande gani. Basi msishangae nikisema kwamba filamu nazipima kwa jinsi zinavyozika. Mwongozaji akinionyesha msiba ambao hakuna anayepika, hakuna anayedaiwa na hakuna anayeuliza funguo za nyumba ziko kwa nani, huyo ameshanidanganya, na mengine atakayonieleza nayapokea kwa shingo upande.

Naongelea filamu za karibuni tu, zile zinazozunguka kwenye matamasha na zile za mabilioni. Miisho nitaisema. Asiyependa aishie hapa.

Iliyonikaa kooni kuliko zote ni On Becoming a Guinea Fowl ya Rungano Nyoni, Mzambia aliyekulia Wales. Tamasha la Cannes, Ufaransa, la 2024 lilimpa tuzo ya mwongozaji bora kwenye kitengo cha Un Certain Regard, akagawana na Roberto Minervini. Shula anarudi kutoka kwenye sherehe usiku, anaendesha gari akiwa amevaa lile vazi jeusi lililojaa upepo la Missy Elliott, mwanamuziki wa Marekani, anakuta maiti barabarani. Anaangalia: mjomba wake Fred. Hapigi ukunga, hashuki mbio. Anampigia simu baba yake, na baba mtu, badala ya kuja, anataka atumiwe nauli. Ukumbi mzima ulicheka. Kicheko kile cha watu wenye baba wa namna hiyo nakifahamu.

Kutoka hapo hadi mwisho ni msiba, na jamani, huyu dada amekaa misibani. Wanawake wanalala chini na kulia, wanaume wamekaa nje wanasubiri sahani. Shula ana kazi yake ya maana, ana vikao vya mtandaoni na watu wa nje, lakini ukoo unamtambua kama mikono miwili ya jikoni. Akijificha hotelini mashangazi wanamfuata. Kuna mahali anapita kwa wanaume wazima mmoja mmoja kuwasikiliza wanataka kula nini, wakati sisi watazamaji tayari tunajua Fred aliwafanya nini mabinti wa familia hii: Shula mwenyewe, binamu yake Nsansa anayeficha maumivu kwenye pombe na mzaha, na Bupe aliyelazwa hospitali. Kamera haimsogelei Shula usoni ili tuone machozi. Inakaa mbali, inamtazama akibeba sahani.

Tukio ambalo bado nalitafakari ni la stoo. Mashangazi wanawaingiza mabinti kwenye chumba cha vyakula, wanawakumbatia, wanawaimbia, wanawaambia wanawapenda. Na ni kweli wanawapenda. Halafu wanatoka, wanajipanga upya, wanaendelea kumsulubu mjane, kitoto cha watu kilichozalishwa mfululizo, eti hakumlisha mume vizuri ndiyo maana amekufa. Nimeona wanawake hawa. Nimewapelekea viti. Filamu nyingi zingewafanya wachawi. Nyoni amewaacha wabaki kuwa mama zetu, na hapo ndipo inapouma.

Lawama yangu ni moja: vile vipande vya ndotoni ambamo Shula anajiona akiwa mtoto. Cha kwanza, pale pale barabarani, kina nguvu. Vilivyofuata vinanieleza nilichokwisha kukielewa. Lakini kile kipindi cha watoto cha televisheni, kinachofundisha kwamba kanga porini ndiye anayepiga kelele kuwaonya wanyama wengine adui akija, kimetumika kwa akili. Kinapokuja kudai deni lake kwenye kikao cha ukoo mwishoni, hakuna anayekiri kosa, hakuna anayepiga magoti, ni mlio tu. Wapo waliotoka wakinung'unika kwamba filamu imeishia hewani. Hao labda vikao vyao vya ukoo huwa vinafikia muafaka.

Sasa tuje kwa matajiri. Avatar: Fire and Ash, ile ya watu wa buluu ya James Cameron, ina zaidi ya saa tatu, na nilikwenda nikiwa na hamu, maana filamu iliyotangulia, ya 2022, ilimuua Neteyam, kijana mkubwa wa Jake na Neytiri, na mazishi yake ya chini ya bahari yalikuwa mazuri kweli. Nikajua hii ya tatu itakuwa ya matanga. Na inaanza hivyo: mdogo mtu anajilaumu, baba amejizika kwenye silaha, mama, Zoe Saldaña, amekunja uso na hataki kuguswa. Kwa muda nikasahau kwamba natazama watu wa buluu. Kisha Cameron anakumbuka kwamba ana vita ya kupiga, majini tena, karibu ile ile ya mara iliyopita, na msiba unafungashwa upesi upesi. Varang, yule kiongozi wa watu wa majivu, ndiye aliyekuwa na jambo jipya: mwanamke aliyelia akaona hakuna aliyemsikia, akaamua kuchoma. Oona Chaplin anamcheza kwa mwili mzima. Katikati ya filamu naye anageuzwa kuwa msaidizi wa adui wa zamani. Pesa zote zile, na mtu pekee mwenye hasira ya kweli wanampunguzia sauti.

Halafu kelele. Ukumbi niliokaa, ambao siutaji, sauti ilikuwa juu mpaka kiti kinatetemeka, na kiyoyozi kinapuliza kama wanahifadhi maiti. Jirani yangu alijitanda khanga mbili. Mbele yetu kijana alirekodi vita yote kwa simu, taa ikiwaka, na mhudumu alipita mara kadhaa na tochi yake akitafuta sijui nini. Kiingilio cha filamu ya miwani ya 3D ni juu zaidi ya kile cha kawaida, na bisi zinakaribia bei ya chakula cha mchana. Mimi silalamikii gharama kama kazi ni nzuri. Nalalamikia kulipa nikatetemeshwa.

Sinners ya Ryan Coogler ni kubwa vile vile, imekadiriwa kugharimu kati ya dola milioni 90 na 100, lakini hii ningelipa tena. Clarksdale, Mississippi, 1932. Mapacha Smoke na Stack, wote wawili Michael B. Jordan, wamerudi kutoka Chicago na hela zisizoulizwa, wanafungua ukumbi wa dansi kwenye kiwanda cha zamani cha mbao. Wote mnaongelea ule wimbo, pale binamu yao Sammie anapoimba na ukuta wa nyakati unapasuka, wapiga ngoma wa kale wanacheza pamoja na mpiga gitaa la umeme na madijei ambao hawajazaliwa. Sawa, ni tukio la kukumbukwa, na Autumn Durald Arkapaw, mwanamke wa kwanza kupiga filamu kwa kamera kubwa za IMAX, anastahili sifa zote anazopewa. Lakini moyo wangu mimi ulibaki kwenye kaburi dogo.

Smoke anakwenda kwa Annie, mkewe wa zamani, anayechezwa na Wunmi Mosaku. Walizaa mtoto, mtoto akafa. Kaburi liko karibu na nyumba, na mwanaume huyu ambaye tumetoka kumwona akipiga watu risasi mjini anasimama pale hana la kusema. Hakuna muziki wa kukulazimisha. Wanazozana kidogo, kuhusu dawa za Annie kwamba zilimkinga yeye na hazikumkinga mtoto. Huo ndio msiba wa watu wawili: lawama inayotafuta pa kukaa. Na usiku ule vampaya, wale wafu wanaonyonya damu, wanapozingira ukumbi, Annie anamwekesha Smoke ahadi kwamba aking'atwa amuue kabla hajageuka mmoja wao, kwa kuwa kuna mtu anamsubiri upande wa pili. Vampaya wanaahidi kuishi milele. Yeye hautaki umilele usio na mwanawe. Hapo filamu ya kutisha ikawa filamu ya mama. Mapigano yenyewe, nikisema kweli, yamekwenda haraka na kwa vurugu, watu wanakufa kabla hatujawaaga. Nimeyasamehe kwa ajili ya dakika za mwisho za Smoke, na yule mtoto.

Hamnet ya Chloé Zhao ilizoa tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la Toronto mwaka 2025, na kila aliyeiona ananiambia alilia. Hata mimi nililia, ila si pale mwishoni wanapolia wengi. Jessie Buckley, akiwa Agnes, mtoto wake wa miaka 11 anapokata roho, anatoa mlio ambao haukupangwa kwa ajili ya kamera. Ule mlio naujua, unatoka tumboni na mara nyingi unafuatwa na kimya. Baba wa mtoto, Shakespeare, yule mwandishi wa tamthilia, anafika amechelewa kutoka London, na haupiti muda anarudi kazini. Mke anamkasirikia, nami nilimkasirikia. Akina baba wa hivyo tunao: anazika asubuhi, jioni yuko stendi, na watu wanamsifu kwa kujikaza. Filamu inataka tumsamehe kwa sababu aliandika tamthilia ya Hamlet. Pale kwenye ukumbi wa maonyesho, watazamaji wanaponyoosha mikono kuelekea jukwaani, Zhao anamwaga On the Nature of Daylight ya Max Richter, muziki ambao filamu ya Arrival ilishautumia mwaka 2016. Kwenye misiba mingine huwa wanaitwa waliaji wa kukodi, na mtu mzima unatambua machozi yako yameombwa na nani. Uso wa Buckley ungetosha.

Nikaona The Empty Grave, na nilitamani Watanzania wengi zaidi waione. Ni filamu ya makala, ya watu na mambo halisi, ya Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay, ilioneshwa kwenye tamasha la Berlin mwaka 2024, na upande wa hapa imehusisha Kijiweni Productions, wale wale wa filamu ya Vuta N'kuvute. Familia ya Mbano wa Songea inatafuta kichwa cha babu yao, Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa vita vya Majimaji. Upande wa Meru kuna ukoo wa Kaaya, nao wanamtafuta Mangi Lobulu, chifu wao. Mwili huku, kichwa Ulaya, na miaka zaidi ya mia moja imepita.

Niliwahi kufunga turubai kwa msiba usio na maiti, wa mvuvi ambaye boti yake ilipatikana na yeye hakupatikana. Watu walikuwa hawajui wakae mpaka lini. Shehe anaulizwa, wazee wanaulizwa, mke anakataa kuanza eda. Ile hali ndiyo filamu hii imeikamata, kwa ukoo mzima, vizazi vinne. Wakili John Mbano na mkewe Cesilia Mollel wanafuatilia barua, ofisi, makumbusho, kwa upole ambao mimi nisingekuwa nao. Hawapigi hotuba. Mke ndiye aliyenivutia zaidi: si damu ya ule ukoo, ameolewa tu, lakini anaubeba msiba kama wa kwao. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba radhi kwa wafiwa. Rambirambi imepokelewa. Maiti haijaletwa.

Berlin hiyo hiyo ya 2024 tuzo kuu, Dubu wa Dhahabu, ilikwenda kwa Dahomey ya Mati Diop, kuhusu vitu 26 vya kifalme ambavyo Ufaransa iliirudishia Benin mwaka 2021. Najua nitapingwa, lakini ningepewa mimi chaguo ningebaki na ya Songea. Dahomey ni nzuri kwa macho: sanamu zinavyolazwa kwenye masanduku na kupigwa skrubu, unaona wazi majeneza. Ila ile sauti ya sanamu inayojitambulisha kwa namba 26, nzito, iliyopitishwa kwenye mashine, ilinichosha. Wafu wangu hawaongei kishairi. Inapohamia Chuo Kikuu cha Abomey-Calavi, vijana wanagombana kama kurudishiwa 26 kati ya maelfu ni heshima au tusi, filamu inapata damu. Wangekaa pale saa nzima. Yote ina dakika 68 tu, nafasi ilikuwepo.

Nimebakiwa na The Village Next to Paradise ya Mo Harawe, Msomali, nayo ya Cannes 2024. Ni ndefu na inakwenda taratibu. Waliokuwa nyuma yangu waliondoka. Mamargade anamlea mwanawe Cigaal kwa vibarua vya kila aina, na kimojawapo ni kuchimba makaburi. Filamu zote nilizozitaja zina wafu, lakini hii ndiyo inayojua kwamba kaburi lina fundi, fundi ana mtoto, na mtoto ana ada ya shule. Dada wa Mamargade, Araweelo, ametoka kwenye ndoa na anataka mtaji wake mwenyewe, anahesabu kila senti mbele yetu. Yule nilimpenda mno. Ikija tena Dar nitaifuata, na shemeji yangu mchimba makaburi nitamkatia tiketi.