Motohomu iliyotumika: kagua kuta kabla ya injini

Karibuni watazamaji. Leo tunachambua motohomu zilizotumika, yaani magari yenye nyumba ya kuishi ndani yake, na tunasema na yule anayenunua kwa mara ya kwanza. Hatutashika modeli moja. Tutaonyesha namna ya kukagua yoyote utakayoikuta inauzwa, na tutakuambia wazi ipi ya kununua na ipi ya kumwachia mwenyewe.

Mnunuzi mgeni hukimbilia boneti. Anachomoa kijiti cha oili, anasoma kilomita, anaona ni chache, moyo unatulia. Boneti iache kwanza, anza na kuta. Injini ikifa, fundi anaishusha na kupandisha nyingine, gari linarudi barabarani. Mbao za ukuta zikioza, itabidi madirisha yang'olewe, makabati yatolewe, ukuta uvuliwe, fremu ikatwe na kujengwa upya, na malipo ya kazi hiyo peke yake yanaweza kupita thamani ya gari zima. Ndiyo maana motohomu yenye kilomita 150,000 na kuta kavu tunaiweka mbele ya yenye 40,000 na kona zilizolowa.

Maji yanaingiaje? Nyingi za miaka ya nyuma zina fremu ya mbao. Nje kuna bati jembamba la alumini au fiberglasi, katikati povu la kuzuia joto na baridi, ndani plaiwudi iliyovikwa karatasi ya mapambo. Kila palipotobolewa au kuunganishwa, yaani madirisha, dirisha la paa, taa za nyuma, reli za pembeni na kona, pamezibwa kwa gundi laini. Jua linaikausha, mtikisiko wa barabara unaipasua, na tone la kwanza linapita. Ukuta wa ndani utabaki msafi kwa muda mrefu huku mbao nyuma yake zinageuka unga.

Nenda kukagua baada ya mvua ukiweza. Mwambie muuzaji asifungue madirisha kabla hujafika, kisha ingia na unuse. Harufu ya uvundo haijifichi kirahisi. Ukikuta manukato yametundikwa kila pembe, jiulize yanafunika nini.

Kisha toa kipima unyevu. Kuna cha pini mbili, ambacho huacha vitundu, kwa hiyo omba ruhusa na utobolee ndani ya kabati mahali pasipoonekana. Kuna pia cha kubandika tu. Chini ya asilimia 15 uko salama. Kati ya 15 na 20, pafuatilie. Ikifika 20 hadi 25, maji yanaingia au yaliwahi kuingia. Ikizidi 30, hesabu kwamba mbao zimeshaanza kuoza. Lakini usiiamini namba moja ikiwa peke yake, maana chuma au karatasi ya alumini iliyo nyuma ya ukuta humdanganya mpimaji. Linganisha. Katikati ya ukuta pakisoma 11 na kona ikasoma 24, tofauti hiyo ndiyo jibu lako.

Pima kona zote za nyuma, juu hadi chini. Pima pembe za chini za kila dirisha. Zunguka dirisha la paa. Fungua kabati za juu upime pale ukuta unapokutana na dari, inua magodoro, chungulia nyuma ya taa za nyuma. Kama kuna kitanda juu ya dereva, tumia muda wako mwingi hapo, hasa kona za mbele, kwa sababu upepo wa safari unasukuma mvua moja kwa moja kwenye viungo vyake. Kila unapopima, bonyeza pia kwa kidole gumba. Ukuta ukibonyea, au karatasi ya mapambo ikiwa na mikunjo na madoa ya kahawia, usihitaji namba tena.

Nje, simama kwenye kona moja, jicho karibu na ukuta, utazame kwa urefu mwanga ukiwa pembeni. Uvimbe mpana unaonyesha tabaka zimeachana. Panda ngazi uangalie paa bila kulikanyaga, maana si yote yanabeba mtu. Na ukiona silikoni ya bafuni imepakwa juu ya reli na fremu za madirisha, hilo ni ungamo. Mtu aliona maji akaziba kwa juu. Kazi sahihi ni kung'oa reli, kusafisha, kuweka gundi mpya ya butili na kuirudisha. Silikoni inaongeza ubaya mwingine: gundi nyingine haishiki juu yake mpaka ikwanguliwe yote.

Sakafu nayo ina yake. Kanyaga mlangoni, mbele ya jiko na mbele ya bafu. Ikinesa na kulia, tabaka zake zimeachana. Hilo lisikutishe kama ukuta, mradi pamekauka: fundi hutoboa matundu, anasukuma gundi ndani na kuweka uzito juu hadi ishike. Litumie kupunguza bei.

Sasa maumbo, na hapa kila mtu ana upendeleo wake. Vani ya bati iliyogeuzwa nyumba ina viungo vichache vya kuvuja. Shaka yake ni kutu, hasa pale bati lilipokatwa kuweka madirisha, na unyevu wa pumzi za watu unaotuama nyuma ya mbao. Ni nyembamba, lakini kwa mgeni ndiyo yenye hatari ndogo zaidi. Yenye kitanda juu ya dereva inalaza familia kwa bei nafuu, ila ikiwa ya zamani ndiyo inayovuja kuliko zote. Yenye kebini ya dereva ya kawaida na paa la chini nyuma yake ni mahali pazuri pa kati, na wawili wanaosafiri pamoja tungewaelekeza huko. Ile iliyojengwa mwili mzima upya kuanzia kioo cha mbele ni tamu kuishi, lakini kioo hicho kikivunjika utajua gharama yake, na injini imejificha hadi kazi ndogo inachukua saa.

Uzito ndio mtego unaowanasa hata wenye akili timamu. Motohomu nyingi za Ulaya zimesajiliwa kwa uzito wa juu wa kilo 3,500, kwa sababu hapo ndipo leseni ya kawaida ya huko ya gari dogo, daraja B, inapoishia. Chukua moja ambayo makaratasi yanasema ina kilo 3,080 ikiwa tayari kwa safari. Dereva wa kilo 75 na dizeli vimeshahesabiwa, na mara nyingi maji lita 20 tu. Zimebaki kilo 420. Weka abiria watatu wa kilo 70: 210 zimeondoka. Jaza tangi la lita 100, zimeongezeka 80. Turubai la kivuli la pembeni ni kama 30, betri ya pili 25, baiskeli mbili na kibebeo chake 50. Umebaki na kilo 25 za nguo, vyakula, masufuria, viti na mtungi wa gesi wa akiba. Haitoshi, na vitanda vilivyomo vinakuahidi watu wanne!

Kwa hiyo ipeleke kwenye mizani kabla ya kulipa, upime gari zima na kila ekseli peke yake. Zenye mkia mrefu nyuma ya magurudumu huzidisha ekseli ya nyuma hata jumla ikiwa halali, kwa sababu mzigo ulio mbali nyuma unainua pua na kuiongezea ekseli ya nyuma zaidi ya uzito wake. Papo hapo hesabu mikanda ya usalama. Vitanda sita na mikanda minne maana yake ni watu wanne.

Tukija kwenye injini, kilomita chache zisikufurahishe upesi. Gari lililosimama muda mrefu hukausha mipira, diski za breki hula kutu, na tairi hupasuka likiwa limetulia. Taimingi belti ina umri kama ilivyo na kilomita. Kati ya hivyo viwili, kinachofika kwanza ndicho kinachohesabika. Usipoona risiti ya kubadilishwa, chukulia haijabadilishwa na uiingize kwenye bei. Gusa injini kabla haijawashwa: ikiwa ya moto, muuzaji hakutaka uione ikiwaka baridi. Moshi mweupe mwepesi asubuhi ya baridi si neno. Wa buluu unaoendelea ni oili inayoungua.

Nyingi utakazokutana nazo zimejengwa juu ya Fiat Ducato. Kwa toleo lililoanza 2006, kagua mambo mawili. Kwanza, maji ya mvua kutoka chini ya kioo cha mbele hudondokea juu ya injini na kuzilisha nozeli kutu, kwa hiyo inua kifuniko uone. Pili, rudi rivasi ukipanda kilima, kwani baadhi za miaka ya mwanzo hutetemeka vibaya na kumaliza klachi. Kwenye Ford Transit yenye injini ya EcoBlue ya lita 2.0, fahamu kwamba kwenye nyingi taimingi belti inazunguka ndani ya oili, hivyo historia ya kubadilisha oili ni kitu cha kudai kwa maandishi. Kama chesisi ya nyuma ni ya kampuni ya AL-KO, ekseli za zamani zinahitaji grisi. Uliza ilipakwa lini.

Tairi: tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi DOT. 2318 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya 2018. Mara nyingine ziko upande wa ndani tu, kwa hiyo lala chini na tochi. Kashata nzuri isikudanganye, kwenye magari haya tairi huzeeka kabla ya kulika. Zikipita miaka saba, panga kununua seti nzima, na utafute zenye alama ya CP, ambazo zimetengenezwa kubeba mzigo wa kudumu wa motohomu.

Ndani ya nyumba, usikubali "inafanya kazi, mimi huwa naitumia." Washa. Friji nyingi ni za kutumia umeme wa nje, betri ya gari au gesi, na huchukua saa kadhaa kupoa, kwa hiyo mwombe muuzaji aiwashe tangu jana yake. Ukifika, iambie iende kwenye gesi na uhakikishe moto unashika. Harufu kali ya amonia au madoa ya njano nyuma yake ni mwisho wa friji hiyo, na bei ya mpya si ndogo.

Betri ya nyumba ipime na multimita baada ya saa chache bila kuchajiwa, na paneli ya jua uikate kwanza. Ya risasi ikisoma volti 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu. Kisha washa taa zote na feni ya hita kwa nusu saa. Ikiporomoka upesi chini ya 12, ni ya kutupa. Ya lithiamu hubaki kwenye 13 na kitu karibu muda wote, hivyo kwake jaribio la mzigo ndilo lenye maana. Chomeka umeme wa nje, volti zipande kupita 13.5, zisipopanda, chaja ina tatizo.

Gesi tunaikagua kwa maji ya sabuni, kiberiti hakihusiki kabisa. Paka kwenye viungo, subiri mapovu. Soma tarehe kwenye mpira wa gesi na regulata. Tafuta matundu ya sakafuni karibu na mitungi na jiko, kwani gesi ni nzito kuliko hewa na hutoka kupitia huko. Ukikuta mtu ameyaziba kuzuia baridi, yazibue siku hiyo hiyo. Na kama utasafiri kwenye baridi kali, jua kwamba butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, propani inaendelea hadi karibu 42 chini ya sifuri.

Maji: tia lita 20, washa pampu, funga koki zote, nyamaza usikilize. Pampu inayolia kila dakika chache peke yake inakuambia kuna mahali panapovuja. Chungulia chini ya sinki na kuzunguka hita ya maji, ambayo hupasuka ikiachwa na maji wakati wa barafu. Bafuni simama kwa miguu yote miwili. Sinia la bafu lisiloshikiliwa vizuri kwa chini hupasuka, na ufa huo unapeleka maji sakafuni.

Makaratasi usiyaache hadi mwisho wa siku ukiwa umechoka. Namba ya chesisi iliyo kwenye dashibodi, iliyogongwa kwenye chuma na iliyo kwenye kadi ya gari lazima ziwe moja. Usishangae mwaka wa chesisi ukitangulia mwaka wa nyumba, viwanda hununua chesisi na kuziweka. Mwaka mmoja ni kawaida, mitatu uliza. Hakikisha hakuna mkopo unaodaiwa juu ya gari. Omba ripoti za kila mwaka za kupima unyevu, na kama dhamana ya kutovuja bado hai, soma masharti yake, kwa maana nyingi hufa mara ukaguzi wa mwaka mmoja unaporukwa. Ukitoa amana, iandikwe kwamba inarudishwa kama mizani au kipima unyevu vitatoa majibu mabaya. Muuzaji akikataa sentensi hiyo, bakia na amana yako.

Mkishakubaliana, hesabu funguo mlangoni: ya injini, ya mlango wa nyumba, ya tangi la maji, ya kabati la choo, ya sanduku la gesi. Ziwe mbilimbili, na kila moja uijaribu kwenye tundu lake kabla hajaondoka.