Klasi ya kusoma haraka hapa Kisumu: nyota 3 kwa 5

Kuna watu wananiuliza kama hii klasi ya wikendi ya kusoma haraka hapa tauni Kisumu inafaa kulipiwa, ile bango lao linaahidi maneno 1,000 kwa dakika. Jina siweki.

Mahali ni pazuri sana. Dirisha kubwa, mwanga wa kutosha, na karatasi zao zimechapwa kwa herufi za saizi nzuri na mistari imeachana, ukiwa umezoea zile noti za kampasi zilizopigwa fotokopi ya fotokopi utaona tofauti kabla hata hujafundishwa kitu. Mwalimu pia anajituma na anajibu maswali.

Zoezi lenyewe ni kupitisha kalamu chini ya mstari, macho yanaifuata, hakuna kurudi nyuma na hakuna kutamka maneno kichwani. Mbinu ya zamani hiyo, mama Mmarekani Evelyn Wood alianza kuiuza 1959, yeye akitumia mkono badala ya kalamu. Siku niliyoenda tulipewa karatasi mbili za kusoma. Ya kwanza ilikuwa ya magugu maji kule ufuo wa Dunga, tukaimaliza fasta na maswali karibu yote tukayapata. Ya pili ilikuwa ya hati fungani za serikali (zile serikali inauzia watu ili ikope pesa), kalamu zikaenda spidi ile ile lakini maswali yalipokuja watu wakaanza kuangaliana, tulikuwa tumepitisha macho tu. Macho ni yale yale, kalamu ni ile ile! Kilichobadilika ni kwamba magugu tunayaona kila siku na hizo hati wengi wetu hatuna habari nazo.

Hapo ndio sikubaliani na bango lao. Jicho haliteremki kwa mstari kama maji, linaruka na kutua, na kila likitua linakaa kama robo ya sekunde. Mwanasaikolojia Marc Brysbaert alikusanya tafiti nyingi akachapisha 2019, mtu mzima akisoma Kiingereza kimya kimya, kitabu kisicho cha hadithi, wastani ni maneno 238 kwa dakika. Sasa 1,000 ni zaidi ya mara nne ya hiyo. Na ile kurudi nyuma wanayokataza, mara nyingi ndiyo inakuokoa pale sentensi imekuponyoka, sauti ya kichwani nayo inasaidia kuelewa. Wengi wetu tunasomea mitihani kwa Kiingereza ambacho ni lugha ya pili au ya tatu, kwa hivyo msamiati ndio unatuchelewesha kuliko macho, na huo unapatikana kwa kusoma sana tu.

Kama unataka kupitia gazeti ama ripoti ndefu utafute pointi moja, nenda, mbinu zao zitakusaidia. Mwanafunzi wa uanasheria au uuguzi, beba kitabu chako cha kozi siku ya kwanza, waambie wakupime na hicho na wakuulize maswali, ndio uamue kama utalipa salio.